Marubani wa Musoma nao ni mashujaa: Kagongwa tuanze kuwataja wafu wetu wa Vita ya Kagera



Leo naomba tuweke pembeni kidogo mambo ya kadi, matawi na nani kahama chama. Nataka tuongee habari ya watu waliokufa kabla wengi wetu hatujazaliwa, na kwa nini sisi vijana wa upinzani ndio inatupasa tuwasemee.

Muulize mtoto yeyote hapa Kagongwa, kuanzia kule kwenye mashine za kukobolea mpunga mpaka stendi, Idi Amin ni nani. Atakujibu, tena kwa mbwembwe. Muulize Gaddafi ni nani, atakujibu. Sasa mwambie akutajie jina la rubani mmoja tu wa Tanzania aliyekufa katika Vita ya Kagera. Atakutolea macho. Mwalimu wake je? Diwani? Mbunge? Mimi nimeuliza vijiweni, na jibu ninalopata ni kicheko na "kwani tulikuwa na marubani?"

Ndiyo, tulikuwa nao. Na baadhi yao walikufa kifo ambacho nchi hii haipendi kukizungumza.

Kilichotokea Musoma

Turudi nyuma. Oktoba 1978 ndege za Amin zilishambulia Bukoba. Tarehe 30 mwezi huo majeshi yake yakavuka mpaka, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera, takriban kilomita za mraba 1,800, ni ya Uganda. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa kupelekwa ng'ambo, daraja la Kyaka likavunjwa. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere akaliambia taifa kwamba tunampiga huyu mtu. Sababu, nia na uwezo, yale maneno mnayajua wote.

Siku hizo za mwanzo hali ilikuwa ya taharuki. Askari wetu waliokuwa wakilinda anga walikuwa wamekwisha kuona ndege za adui zikipiga mabomu raia. Vidole vilikuwa kwenye kitufe. Na hapo pana jambo ambalo wengi hawalijui: Uganda walirusha MiG, na sisi tulirusha MiG. Ukiwa chini umeshika kombora, ndege inakuja kwa kasi, una sekunde chache, utajuaje kama ni ya Amin au ya kwetu? Utajua kwa mawasiliano tu. Redio, alama za siri, taarifa kwamba saa fulani vijana wetu watapita upande fulani. Mawasiliano yakikatika, umekwisha.

Yalikatika. Ndege tatu za jeshi letu zilizokuwa zikirudi kutoka kuchunguza mpakani zilidhaniwa ni za adui. Zikadunguliwa Musoma kwa makombora yetu wenyewe. Waliokuwemo walikufa.

Hawakuuawa na Amin. Waliuawa na wenzao, kwa bahati mbaya, wakiwa njiani kurudi nyumbani.

Najua kuna atakayesema, "Kamanda, unalichafua jeshi." Hapana bwana. Jambo hili limeandikwa vitabuni miaka mingi. Waandishi wawili waliofuatana na majeshi yetu mpaka Kampala, Tony Avirgan na Martha Honey, waliliandika mapema kabisa, miaka ya 1980. Wazungu wanalisoma, Waganda wanalisoma. Ni sisi wenye wafu ndio tunaoambiwa tunyamaze.

Rubani wa miaka ile alikuwa nani?

Fikiria kijana aliyezaliwa miaka ya 1940 au mwanzoni mwa 1950 kwenye kijiji chochote cha Usukumani, Unyamwezini, Uhayani au Umakondeni. Anakwenda shule peku. Anafaulu, anaingia sekondari wakati sekondari nchi nzima zinahesabika. Nchi imepata uhuru 1961, jeshi jipya limeundwa 1964 baada ya maasi, na serikali inatafuta vijana wa kurusha ndege. Wakanada walikuja kutusaidia kuanzisha kikosi cha anga kuanzia katikati ya miaka ya 1960, na vijana wetu wakapelekwa Kanada kusoma. Baadaye wakaja Wachina na ndege zao za kivita na uwanja wa Ngerengere. Kisha zikaja MiG-21 kutoka Urusi ya Kisovieti.

Kwa hiyo yule kijana wa peku, ambaye mama yake pengine hajawahi kupanda hata basi, anajikuta amekaa ndani ya chuma kinachokimbia kuliko sauti. Kijiji kizima kilijua. Mtoto wa fulani anarusha ndege! Watoto wakisikia mngurumo juu wanakimbia uwanjani wakipunga mikono, hata kama si yeye.

Sasa mtu huyo anakufa. Kijiji kinaambiwa nini? "Amekufa vitani." Basi. Sentensi moja. Baba anakwenda kaburini na sentensi moja, mama hivyo hivyo, na wajukuu wanarithi picha moja ya ukutani na sentensi moja.

Familia yenye mtu wa namna hiyo ina haki ya sentensi ya pili. Amekufa wapi, siku gani, alikuwa anarudi kutoka kazi gani, nini kilikosewa. Ukweli haumpunguzii marehemu chochote. Aliingia kwenye ndege akijua anaweza asirudi. Ushujaa wake ulikamilika pale alipofunga mkanda. Kombora limetoka upande gani, hilo halimhusu yeye, linatuhusu sisi tuliobaki.

Hesabu inayofichwa na neno "vitani"

Hao Avirgan na Honey wanataja askari 373 wa Tanzania waliokufa, na kati yao 96 tu ndio waliokufa katika mapigano yenyewe. Toa hapo. Wanabaki 277. Hao walikufa kwa ajali, magonjwa, makosa, na shida zote zinazofuatana na jeshi linalotembea kwa miguu kutoka Kagera mpaka mpaka wa Sudani.

Makaburi ya mashujaa Kaboya, kule Muleba, yana askari zaidi ya 400. Kwa hiyo hata hesabu zenyewe hazijakaa pamoja. Na hapo sijagusa raia wa Kagera, ambao wanakadiriwa kufikia 1,500 waliouawa wakati wa uvamizi. Hao hawana hata gwaride.

Mnaona tatizo? Tumejifunza kwamba shujaa ni yule aliyeanguka kwa risasi ya adui akipiga kelele za ushindi. Kwa kipimo hicho, zaidi ya theluthi mbili ya wafu wetu wanatoka nje ya picha. Dereva wa lori lililopinduka na risasi. Mwanamgambo aliyekufa kwa malaria Masaka. Rubani wa Musoma. Tukiwaacha hao, hatujaikumbuka vita, tumekumbuka tangazo la vita.

Vita ile haikuwa ya chama

Hapa ndipo ninapotaka tusikilizane vizuri.

Mwaka 1978 nchi ilikuwa na chama kimoja. CCM ilikuwa imezaliwa Februari 5, 1977, haina hata miaka miwili. Hapakuwa na mtu wa kuwa upinzani, sheria haikuruhusu mpaka 1992. Kwa hiyo mtu akisimama jukwaani leo akasema "sisi ndio tuliomng'oa Amin", muulizeni kwa adabu: sisi nani? Jeshi letu lilitoka askari wasiofika 40,000 likavuka 150,000, wakiwemo wanamgambo wapatao 40,000. Hao walikuwa wakulima wa pamba, wavuvi, walimu, polisi, magereza, vijana wa JKT. Wananchi walitoa ng'ombe, vyakula na fedha. Magari ya watu binafsi na mabasi yalichukuliwa kupeleka askari. Halafu Mwalimu akaomba tufunge mkanda miezi 18, na wazee wetu watakwambia mkanda ule ulikaa muda mrefu kuliko hiyo miezi. Sabuni, sukari na chumvi vilikuwa vya kupanga foleni.

Sisi wa Kahama tulilipa na deni la ziada. Vita ilipoisha, silaha zilizagaa. Wizi wa ng'ombe wa kutumia bunduki ukapamba moto kanda hii, na mwanzoni mwa miaka ya 1980, hapa hapa wilayani kwetu, wananchi wakaanzisha sungusungu kujilinda. Wengi mnawajua sungusungu kama watu wa filimbi na mishale tu. Watafiti waliochunguza chanzo chake wanataja bunduki za Vita ya Kagera kama mojawapo ya sababu. Kwa hiyo vita ile ilifika mpaka zizini kwa babu yako.

Na Kanda ya Ziwa ilikuwa ndani ya vita hata angani. Machi 29, 1979 ndege ya Libya, Tu-22, ilikuja kulipua matangi ya mafuta Mwanza ili kumwokoa Amin. Ikakosa. Mabomu yakaangukia hifadhi ya kisiwa cha Saanane, yakajeruhi mfanyakazi na kuua swala. Tunacheka leo, lakini matangi yale yangepigwa tungecheka? Ndege zetu zikajibu kwa kupiga hazina za mafuta Kampala, Jinja na Tororo. Hizo nazo zilirushwa na vijana wa watu. Siku chache baadaye, Aprili 11, Kampala ikaanguka.

Ushindi wa namna hiyo ni wa nchi nzima. Hauwezi kufungiwa kwenye kabati la chama chochote. Na hapa niseme wazi ili tusije tukafanya kosa lile lile: usiwe wa chama chetu pia. Tusiende kwenye kaburi la askari na bendera. Tusimvalishe marehemu kombati yetu. Hakuwa kamanda wa tawi, alikuwa askari wa Tanzania. Tunadai akumbukwe, hatudai awe wetu.

Kuuliza si usaliti

Ninajua jibu litakalokuja: usalama wa taifa. Tulijibu taratibu.

Kwanza, tunazungumzia jambo la karibu nusu karne. Ndege zile hazipo tena vitani, makombora yale ni ya makumbusho, Amin amekufa Saudi Arabia mwaka 2003. Siri gani ya kijeshi inalindwa hapo?

Pili, sheria yenyewe ipo. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inaweka miaka 30 kama muda wa kawaida wa nyaraka za umma kufunguliwa. Mwaka 1979 jumlisha 30 ni 2009. Tangu hapo watoto wamezaliwa wakamaliza darasa la saba.

Tatu, wengine wamefanya na majeshi yao hayakuvunjika. Marekani walikuwa na mchezaji maarufu wa mpira wao, Pat Tillman, aliyeacha mkataba mnono mwaka 2002 akajiunga na jeshi. Aprili 22, 2004 akauawa Afghanistan. Jeshi likasema ameuawa na adui, likampa nishani, likafanya maombolezo ya kitaifa. Wiki tano baadaye familia ikaambiwa ukweli: aliuawa na wenzake. Mama yake, Mary Tillman, hakukubali kunyamaza. Alisukuma mpaka 2007 Bunge lao likaita vikao na kuwahoji majenerali hadharani. Je, Tillman alipungua ushujaa? Hapana. Aibu iliwaangukia walioficha, siyo aliyekufa.

Na hata kwetu inawezekana. Desemba 7, 2017 walinda amani wetu 14 waliuawa kule Semuliki, mashariki mwa Kongo. Majina yao yalitangazwa, miili ikaagwa mbele ya taifa, kila mtu akajua huyu ni wa wapi na yule ni wa wapi. Tulilia kwa majina. Kama 2017 iliwezekana, wa 1978 na 1979 wamekosa nini?

Jambo moja zaidi. Tunapodai ukweli wa Musoma hatumtafuti mchawi. Yule aliyefyatua kombora naye alikuwa kijana wa Kitanzania, ana hofu, hajalala, ameambiwa zuia ndege za adui. Pengine amebeba mzigo ule maisha yake yote bila kuwa na wa kumwambia. Ukweli ukisemwa kwa sauti ya kawaida, naye anapumua. Kinachotakiwa kujibu ni mfumo: kwa nini taarifa hazikufika? Hilo ni swali la kazi, na jeshi lolote makini linajiuliza kila siku.

Tufanye nini sisi wa Kagongwa?

Kulalamika mtandaoni tunakujua. Sasa naomba mambo manne, na yote tunaweza kuyaanza bila kusubiri mwenyekiti wa taifa.

Moja, tuwasikilize wazee sasa. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo anaelekea 70 au ameshapita. Wapo katani kwetu, wapo Isaka, wapo Tinde, wapo Masumbwe. Nenda kwa adabu, msalimie guku kama inavyotakiwa, kaa chini, washa simu kwa ruhusa yake, mwache aongee. Muulize ulikwenda na nani? Nani hakurudi? Andika jina, kijiji, ukoo. Usimkatishe, na usimpachike maneno ya siasa mdomoni.

Mbili, orodha ya kata. Majina yaliyo Kaboya ni ya watoto wa watu waliotoka mahali. Tunataka kila halmashauri ipewe majina ya wafu wake, na kila ofisi ya kata iyabandike ukutani Julai 25, Siku ya Mashujaa. Karatasi moja tu. Haihitaji bajeti ya mwaka. Mkuki na ngao vikiwekwa Dodoma, huku katani majina yasomwe.

Tatu, mitaa. Mwaka 2022 tulipitishiwa operesheni ya anwani za makazi, vibao vikasimikwa, barabara zikapewa majina haraka haraka. Mengine ni ya mti uliokuwepo, mengine ni ya mwenye duka. Sina ugomvi na mwenye duka. Lakini mkutano wa mtaa una mdomo wa kupendekeza jina. Tukishapata majina ya kweli kutoka kwa wazee na kutoka kwenye orodha, tuyapeleke mkutanoni kwa utaratibu, tuyatetee kwa hoja. Yule dereva wa lori la Rwanda anayepita hapa usiku aone kibao, aulize, "Huyu alikuwa nani?" Na mtoto wa mama ntilie aweze kumjibu.

Nne, swali bungeni. Tumuombe mbunge yeyote, wa chama chochote, aulize mambo mawili kwa maandishi: lini nyaraka za vifo vya Vita ya Kagera zitafunguliwa kwa familia, na wajane na watoto wa waliokufa wana hali gani leo. Akiuliza mbunge wa CCM, tumpigie makofi. Nimesema hii si ya chama.

Nimalizie

Kwetu Usukumani na Unyamwezini mtoto hupewa jina la aliyetangulia. Ndiyo njia yetu ya kusema kwamba mtu hajaisha. Serikali iliwapa mashujaa wetu makaburi mazuri Kaboya, na tunashukuru kwa hilo. Lakini kutoka hapa kwenda Kaboya unapita Kahama, Masumbwe, Ushirombo, Runzewe, Nyakanazi, Biharamulo, ndipo uingie Muleba. Bibi gani mwenye goti bovu atafunga safari hiyo kwenda kusoma jina la kaka yake? Kaburi libaki kule. Jina lirudi nyumbani.

Tunapigania nchi ambayo serikali inawaambia watu wake ukweli: kuhusu dhahabu iliyotoka Buzwagi na Bulyanhulu, kuhusu kura, kuhusu fedha za maendeleo. Hatuwezi kuudai ukweli huo kwa nguvu halafu tukawaacha marubani wa Musoma na sentensi moja. Nchi inayoogopa kusema "tulikosea, tukawapoteza vijana wetu" kwenye jambo la 1978, itasemaje ukweli kwenye jambo la mwaka huu?

Julai ijayo, kabla hujapost picha ya mnara na maneno "tunawakumbuka mashujaa wetu", jiulize unamkumbuka nani hasa. Kama huna hata jina moja, una kazi ya kufanya. Anza na mzee wa jirani.



*Mwandishi ni kijana wa Kagongwa, Kahama.*